Jiwe Moja la Matumbawe: Mapango na Magofu ya Unguja na Pemba

Wananchi wanaotuuliza habari za maeneo ya kale huyatenganisha: mapango na misitu huyaita maumbile, magofu huyaita historia. Sisi tunaoshughulika na mambo ya kale mgawanyo huo hautusaidii. Visiwani kwetu jiwe lililotoboka likawa pango ndilo lililochongwa likawa mihrabu, na ndilo lililochomwa tanuuni likawa chokaa ya kujengea.

Sehemu kubwa ya mashariki na kusini ya Unguja ni uwanda wa mawe. Mawe hayo ni matumbawe yaliyoota baharini zamani sana, kisha yakaachwa nchi kavu. Mvua ikinyesha, maji hupita udongoni yakachukua hewa ya ukaa, yakapata ukali kidogo, na kwa maelfu ya miaka yakalila jiwe taratibu. Mapango yamezaliwa hivyo. Na ndiyo sababu uwandani huoni mito: maji yote huzama chini, na mwenye kutafuta maji matamu zamani alilazimika kuyafuata pangoni.

Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, ndilo ningependa kila mwanafunzi wa Zanzibar alione. Wataalamu wamelichimba mara kadhaa tangu 2005, na matabaka yake ya chini yametoa zana za mawe za watu walioishi hapo takriban miaka 20,000 iliyopita, pamoja na mifupa ya wanyama walioliwa na watu hao, wakiwemo punda milia na nyati. Punda milia Unguja! Hakuvushwa na chombo. Alikuja kwa miguu. Zama za barafu maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda, bahari ikashuka kwa zaidi ya mita 100, na mkondo baina ya Unguja na bara, ambao si wa kina kirefu, ukawa nchi kavu. Barafu ilipoyeyuka bahari ikapanda na Unguja ikawa kisiwa. Pango hilo hadi leo ni mzimu, wenyeji huingia na ubani wao, kwa hiyo mgeni aingie kwa idhini na kwa adabu.

Pemba ni habari nyengine. Mkondo wake una kina cha mamia ya mita, haukukauka hata bahari iliposhuka kiasi kile. Kutengana huko kwa muda mrefu kumeipa viumbe vyake wenyewe, kama popo wa Pemba, popo mkubwa mla matunda asiyepatikana pahala pengine popote duniani. Nenda Kidike au msitu wa Ngezi utamwona.

Sasa tuje kwenye mkono wa binadamu. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, ukuta wa kibla una maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa herufi za Kiarabu, yenye mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Sogea uyatazame kwa karibu: herufi zimechongwa kwenye matumbawe kwa usafi ambao fundi wa leo angeuonea wivu. Siri yake ni kwamba matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi huwa laini, hukubali kisu, kisha yakikauka huwa magumu. Jengo lenyewe lilijengwa upya karne ya 18, lakini maandishi yakatunzwa, na watu wanasali humo mpaka leo.

Pujini, Pemba, kuna ngome ya karne ya 15 ambayo masimulizi huihusisha na Mkama Ndume, mtawala aliyeogopwa kwa ukali wake. Kuna kuta, handaki, na chumba cha chini ya ardhi chenye umbo la siwa, yaani baragumu kubwa, lililofinyangwa kwa chokaa ukutani. Siwa ilikuwa alama ya utawala. Kisima chake kimegawanywa kwa ukuta. Wazee husimulia kuwa Mkama Ndume alikuwa na wake wawili, mmoja akishuka ngazi kuteka maji, mwenziwe akiteka upande wa pili kwa kamba, ili wasionane.

Magofu ya Ras Mkumbuu, Pemba, na ya kisiwa cha Tumbatu, karibu na Unguja, nayo yana misikiti ya kale, na hali yake inanisikitisha: mizizi inapasua kuta na bahari inakula ufukwe. Hayo ni ya maumbile. La kuumiza zaidi ni watu kubeba mawe ya magofu wakajengee, au kuokota vigae na ushanga kwa ajili ya kuuza. Kigae kikiwa ndani ya tabaka lake hutuambia kilitumika lini, pamoja na chakula gani, na wenye nyumba walifanya biashara na nani. Kikishang'olewa, hayo yote hayapatikani tena hata kikirudishwa.

Kwa hiyo ukichimba msingi au shimo la choo ukakuta vigae vingi, mifupa au ukuta uliofukiwa, simamisha kazi pahala hapo. Usivioshe wala usivipange. Vipige picha vikiwa vilivyo, kisha umwarifu sheha wako, naye atatufikishia taarifa.