Kampaundi ni nini, na inatofautianaje na mchanganyiko?

Kampaundi ni dutu iliyoundwa na elementi mbili au zaidi zilizoungana kikemikali kwa uwiano usiobadilika. Wengi huikariri sentensi hiyo lakini neno lenye uzito, "zilizoungana", hulipita mbio. Elementi zikiungana, kila moja huacha tabia yake ya awali.

Pima gramu 7 za unga wa chuma na gramu 4 za unga wa salfa, uchanganye. Rangi itakuwa kijivu chenye umanjano. Pitisha sumaku iliyofungwa kwa karatasi: chuma kitanata, salfa itabaki. Huo bado ni mchanganyiko, na ungebaki mchanganyiko hata kama salfa ingekuwa gramu 10.

Sasa utie kwenye neli ya majaribio, usizidi robo ya neli. Ziba mdomo kwa pamba ya madini, maana mvuke wa salfa ukitoka nje hushika moto kwa ndimi za bluu na kutoa dioksidi ya salfa, gesi inayokaba koo. Pasha kitako. Ukiona wekundu kama wa kaa, ondoa moto mara moja na utazame: wekundu hauzimi, unapanda wenyewe kuelekea juu. Hakuna anayeupasha tena. Joto hilo linatoka kwenye kule kuungana kwenyewe. Huo ndio mmenyuko wa kikemikali.

Hubaki donge la kijivu kilichokolea, karibu jeusi: salfaidi ya chuma, FeS. Mara nyingi huganda kwenye kioo, hivyo tumia neli usiyoijali. Lisage donge. Umanjano umekwisha, na sumaku hailivuti. Ikivuta chembe chache, usidhani kanuni imevunjika. Chuma kilizidi, au hakikuchanganywa sawasawa.

Kwa nini 7 kwa 4? Atomi moja ya chuma huungana na atomi moja ya salfa, na uzito wao wa atomi ni 56 na 32. Gawanya kwa 8, unapata 7 na 4. Ukiweka chuma gramu 9, gramu 2 zitabaki bila mwenzi.

Jambo moja huchanganya sana: molekuli ya oksijeni, O₂, ina atomi mbili zilizoungana, lakini si kampaundi, kwa kuwa atomi zote mbili ni za elementi ileile.