Mbwa mzee na siku ya kuogeshwa: maswali na majibu kwa wafugaji wa Tanga

Kuanzia Raskazone mpaka Pongwe, mbwa wengi huogeshwa kwa namna moja: anafungwa kwenye mti, anamwagiwa maji ya mpira, anasuguliwa, kazi imekwisha. Mbwa kijana huvumilia. Mbwa mzee anaweza kuumia, na akiumia anajitetea kwa meno. Haya ndiyo maswali tunayoulizwa zaidi kuhusu kumsafisha.

Mbwa wetu ana miaka 11. Zamani akipenda maji, sasa nikimshika miguu ya nyuma anaunguruma. Amekuwa mkali?

Mara nyingi si ukali, ni maumivu. Uzeeni nyonga, magoti na uti wa mgongo hushikwa na yabisi. Ukiuinua mguu wake na kuuvuta nje upande, kama tulivyozoea, unaupinda pale panapouma. Muungurumo ndiyo lugha yake ya kusema "hapo panauma". Tafadhali usimpige kwa hilo. Akijifunza kwamba kuunguruma kunaleta kipigo, siku nyingine ataruka moja kwa moja kwenye kung'ata.

Tazama anavyoamka asubuhi: je, anajivuta, anachechemea hatua za kwanza, anakwepa ngazi? Ukiona hivyo, apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla ya kuogeshwa tena. Chunguza pia macho na masikio. Mwenye mtoto wa jicho, au aliyepungukiwa usikivu, hushtukia mkono ukiwa tayari mwilini mwake. Piga mguu sakafuni asikie mtikisiko, mpe mkono aunuse, kisha mguse begani, na mkono mmoja usibanduke mwilini mwake mpaka umalize.

Uzee wa mbwa unaanza lini?

Mbwa wakubwa, kama jamii ya German Shepherd, wanahesabiwa wazee tangu miaka 7 hivi. Wadogo huchelewa, hadi 9 au 10.

Nitatofautishaje woga wa kawaida na hatari?

Woga: analamba midomo, anapiga miayo bila usingizi, anageuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, mkia uko kati ya miguu, anatetemeka. Hapo pumzika dakika chache, au acha umalizie siku nyingine.

Hatari: ulimi au fizi zimekuwa za buluu, nyeupe au za kijivu, anakohoa mfululizo, anatweta bila kutulia, miguu inalegea. Acha papo hapo, hata kama bado ana povu mwilini. Kuna kipimo rahisi cha fizi: bonyeza kwa kidole mpaka pawe peupe, uachie. Wekundu urudi kabla ya sekunde 2. Wekundu ukichelewa kurudi, damu haizunguki vizuri.

Usiku wa kabla ya kumwogesha, mhesabie pumzi akiwa amelala fofofo. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Hesabu sekunde 30, zidisha kwa mbili. Ikipita 30 kwa dakika usiku baada ya usiku, moyo au mapafu huenda yana shida, na kuoga kusubiri daktari.

Nimwogesheje basi?

Awe hajala kwa saa mbili, na ameshajisaidia. Chagua asubuhi mapema. Jioni ya Tanga ina unyevu, manyoya hayakauki, na ngozi iliyolala majimaji huota vidonda vinavyowasha.

Sakafu ya saruji yenye povu ndiyo adui mkubwa kuliko maji yenyewe. Mbwa mwenye nyonga mbovu akiteleza mara moja, anaanza kupambana, nawe unadhani anakataa kuoga. Chukua gunia la zamani la katani, liloweshe, lilaze sakafuni. Lina mkwaruzo, kucha zinashika, miguu inatulia. Wengine wanashangaa jinsi gunia tu linavyomtuliza mbwa.

Kamba ya mkonge usimfunge shingoni. Inachubua, na mbwa mdogo mwenye koromeo dhaifu, yule anayekohoa kwa mlio kama wa bata, akivutwa shingo anakosa pumzi. Tumia mkanda mpana unaopita kifuani, ushikwe na mtu, usifungwe mtini.

Maji yawe vuguvugu kama ya kuogeshea mtoto. Yajaribu kwa kiwiko. Mimina kwa kopo, anza miguuni, panda mgongoni, shingo iwe mwisho. Kichwa usikimwagie, kifute kwa kitambaa kilichokamuliwa. Shampuu iwe ya mbwa, kifuniko kimoja ukikoroge katika lita moja ya maji ili ienee na isuuzike upesi. Sabuni ya unga na ya vyombo humkausha ngozi, na ngozi ya mzee ni kavu tayari. Suuza mpaka maji yatoke meupe, kwani povu lililobaki kwapani na kinenani ndilo linalomfanya ajikune wiki nzima. Yote hayo yasizidi dakika 10. Mkaushe kwa taulo kwa kumbonyeza, usimsugue, kisha apumzike kivulini penye upepo.

Mwenye manyoya mafupi, mara moja kwa mwezi inamtosha. Mwenye manyoya marefu achanwe kila wiki, kwa sababu mafundo huvuta ngozi na kuficha kupe na funza.

Na makucha?

Siku yake ya peke yake, usichanganye na kuoga. Mbwa alale ubavu juu ya godoro. Mguu ubaki karibu na mwili wake, uukunje kidogo tu. Ndani ya ukucha kuna nyama hai yenye damu. Kwenye ukucha mweupe inaonekana kama mstari wa waridi, lakini kwenye mweusi huioni. Kata milimita 1 au 2 tu, tazama uso uliokatwa, kata tena. Ukiona kidoa cheusi chenye unyevu katikati, simama. Damu ikitoka, weka unga wa ngano au wa mahindi, bonyeza dakika 5 bila kuchungulia.

Kipindi cha kaskazi je?

Kuanzia Desemba hadi Machi uwe mwangalifu mara mbili. Mbwa hujipoza kwa kuhema, na hewa yenye unyevu hukausha mate polepole, kwa hiyo joto linabaki mwilini. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 40 na akiwa amelegea, mmwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, ndipo umkimbize kwa daktari. Kumfunga mdomo kwa kitambaa msimu huu ni kumnyima njia ya kujipoza.

Dawa ya kuogeshea ng'ombe inaua kupe. Nimpake?

Hapana. Baadhi zina amitrazi, sumu ya kuua kupe, na mbwa mzee akizidishiwa au akiilamba hulegea, moyo hupungua kasi, sukari hupanda. Nunua dawa ya mbwa kwa uzito wake: simama naye kwenye mizani, kisha toa uzito wako. Kama ana kifafa, sema kabla ya kupewa vidonge vya kupe. Diklofenaki, ibuprofeni na panado za kabatini zisimguse. Zinaweza kutoboa tumbo, kuharibu figo na ini. Wala usimpe dawa za usingizi za binadamu ili atulie.

Nyumbani tunachunga twahara, usafi wa kidini. Tufanyeje?

Wengi wa pwani tunafuata madhehebu ya Shafii, na mbwa aliyelowa ndiye mwenye shughuli, kwa kuwa najisi huhamia kwa unyevu. Mwogesheni uani, si bafuni kwenu. Awe na ndoo, kopo na taulo zake. Anayemshika avae glavu ndefu na nguo ya kazi. Mbwa asikose huduma kwa sababu vifaa havijatengwa.

Nikague nini mkono ukiwa mwilini?

Vivimbe. Kila mwezi pitisha vidole mwili mzima na kumbuka ukubwa wa ulichokuta. Kinachokua, kigumu au kilichochubuka ni cha daktari. Jike asiyefungwa kizazi mpapase chuchu zote, mpaka za kinenani. Na akinywa maji kupita kiasi, akigoma kula, au akitoa usaha wiki chache baada ya siku zake za kutaka dume, kizazi kinaweza kuwa kimejaa usaha: hiyo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Aking'ata?

Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo, hata kama mbwa ni wenu na amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Na mbwa asiye na chanjo aliyebadilika ghafla, anadondosha mate au anashindwa kumeza, asiogeshwe kabisa. Mfungieni mahali peke yake bila kumgusa, na mumwite afisa mifugo wa kata.