Ukoo wa Chen na taichi: tunayodhani na yaliyo kweli

Wengi wetu bwana wa kungfu tulimjulia kwenye banda la video. Ni mzee wa ndevu nyeupe, anakaa peke yake mlimani, na ana pigo moja la siri ambalo mwanawe atalirithi siku mzee anapokata roho. Picha hiyo inavutia, lakini inawafunika watu halisi ambao maisha yao yana uzito kuliko sinema. Nitawaeleza ukoo ninaouheshimu sana: wa Chen, wa kijiji cha Chenjiagou, jimbo la Henan, China, wenye taichi, aina ya kungfu inayojulikana kwa mwendo wa polepole.

Dhana: Mabingwa hawa hukaa kwenye mahekalu ya milimani

Chenjiagou ni kijiji cha wakulima wa ngano na mahindi, si mbali na Mto Manjano. Jina lake lenyewe maana yake ni korongo la ukoo wa Chen. Ukoo unamtaja Chen Wangting, wa kizazi cha 9, kuwa mwanzilishi wa taichi yao. Alikuwa askari, na baada ya utawala wa Ming kuanguka mwaka 1644 alirudi kulima na kufundisha watoto wa nyumbani. Habari za mtawa Zhang Sanfeng aliyeibuni taichi mlimani Wudang ni hekaya tu.

Dhana: Taichi ni mazoezi ya wazee

Hili linanikera, ingawa naelewa lilikotoka. Mtindo unaouona bustanini, wenye hatua 24, ulitungwa na serikali ya China mwaka 1956 kwa ajili ya afya ya umma. Taichi ya Chen ina upole, kisha ina mfululizo wa pili wa miondoko uitwao paochui, yaani ngumi za mizinga: kuruka, kukanyaga ardhi kwa kishindo, mapigo ya ghafla. Kuna mikuki na mapanga pia. Polepole ina kazi yake. Mwili unafundishwa kujisokota kutoka mguuni hadi kidoleni kama mtu anayevuta uzi wa hariri. Ukivuta kwa pupa unakatika, ukilegeza unajifunga. Chen Fake (1887–1957), aliyekuja kuwa bingwa mkubwa wa ukoo, husimuliwa kuwa utotoni alikuwa mgonjwamgonjwa na mvivu, kisha akafikia kurudia mfululizo mzima hadi mara 30 kwa siku.

Dhana: Ni siri ya damu, mgeni hapewi

Zamani kweli kijiji kilijifungia. Lakini Chen Changxing (1771–1853) alimfundisha Yang Luchan, mtu wa nje kabisa, na mtindo wa Yang ndio uliosambaa kuliko yote duniani. Chen Fake naye alihamia Beijing mwaka 1928 akafundisha huko hadi kufa kwake.

Dhana: Urithi umeshuka baba kwa mwana bila kukatika

Hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa sababu ulikaribia sana kukatika. Mwaka 1958 Chen Zhaopi, aliyezaliwa 1893, alirudi kijijini baada ya miaka mingi ya kuishi mbali. Akakuta vijana wanaofanya mazoezi ni wa kuhesabu. Njaa na vita vilikuwa vimewamaliza au kuwatawanya watu. Mzee wa zaidi ya miaka 60 akaanza upya, nyumbani kwake.

Kisha yakaja Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya kufuta mila za kale, mwaka 1966. Alishutumiwa na kudhalilishwa hadharani, hata akajitupa kisimani. Alitoka hai, mguu umeumia. Akaendelea kufundisha, kimyakimya, hadi alipofariki mwaka 1972. Baada yake alikuja Chen Zhaokui, mwana wa Chen Fake, kuwaendeleza vijana wale wale.

Wanne kati yao ndio walioibeba taichi ya Chen hadi ng'ambo: Chen Xiaowang, Chen Zhenglei, Wang Xi'an na Zhu Tiancai. Tazama majina. Wawili si wa ukoo. Mzee Zhaopi alipoona chombo kinazama, hakuuliza nani mwanangu.

Dhana: Bingwa hutambulika kwa mkanda mweusi

Desturi ya mikanda ni ya Wajapani. Katika desturi hii mtu hupokelewa rasmi na mwalimu, anayeitwa shifu, neno ambalo ndani yake mna "baba".

Dhana: Bingwa siku zote anapigana

Siku zote anafundisha. Chen Xiaowang, aliyezaliwa 1945, mjukuu wa Chen Fake, alihamia Australia na kuzunguka nchi nyingi. Mdogo wake Chen Xiaoxing alibaki kusimamia shule kijijini. Anachojulikana nacho zaidi Xiaowang ni kazi isiyo na kishindo. Wanafunzi wanasimama kimya, magoti yamekunjwa kidogo, mikono mbele kama wanaokumbatia mti. Anapita kwa kila mmoja. Anamshika kiuno, bega, goti, anamsogeza kidogo tu mpaka uzito ushuke miguuni, kisha anakwenda kwa anayefuata.