Ghala limejaa, mtoto kadumaa: maswali ya wazazi

Huku Njombe tunavuna mahindi, viazi na maharage hadi tunauza mjini. Iweje tuambiwe watoto wetu wamedumaa?

Utafiti wa afya wa taifa wa 2022 ulikuta hivyo hivyo: udumavu nchi nzima ni asilimia 30, lakini Njombe na Rukwa ni kama 50, na Iringa 57. Ndiyo mikoa inayolisha miji! Msimu wa kilimo mama anatoka alfajiri, mtoto anabaki na dada yake wa miaka saba na kikombe cha uji wa sembe. Uji wenyewe maji matupu. Tumbo la mtoto wa miezi minane halichukui zaidi ya kikombe kimoja hivi. Likijaa maji, limejaa. Kabla ya kumuuliza mama anapika nini, muulize anarudi saa ngapi kutoka shambani.

Uji unaofaa ni upi?

Chini ya miezi sita, maziwa ya mama tu. Baada ya hapo, chota uji kwa kijiko na ukiinamishe: ukitiririka, bado. Tia karanga zilizosagwa, dagaa waliotwangwa, yai, au parachichi (zile zilizokataliwa na wanunuzi zinaoza chini ya miti). Karanga zenye ukungu tupa, sumukuvu (sumu ya ukungu huo) haiondoki kwa kuchemshwa. Na huo unga wa "lishe" wenye nafaka saba usikupumbaze: mahindi, ngano, mchele na ulezi zote ni nafaka, kundi moja tu la chakula.

Mama mkwe anasema mtoto amebemendwa, kwamba sisi wazazi hatukuvumilia wakati ananyonya. Nianzie kwa mganga?

Hapana. Tendo la ndoa halimdhoofishi mtoto. Wazee waliona kitu, ila wakakipa sababu nyingine: mimba ikiingia mapema, mtoto huachishwa ziwa ghafla, naye huanza kukonda. Dawa yake ni uzazi wa mpango na chakula. Neno hili limenichosha, maana mama akishalisikia humfunika mtoto gubigubi kwa kanga na kuikwepa kliniki asichekwe. Anakuja kufika mtoto hana hata nguvu ya kulia.

Nitajuaje hali imekuwa mbaya?

Bonyeza kwa dole gumba juu ya miguu yote miwili, uhesabu sekunde tatu. Kishimo kikibaki, huo ni uvimbe wa kwashakoo (utapiamlo mkali), hata kama mashavu yamejaa. Mhudumu wa afya wa kijiji ana utepe wa kupima mkono kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, kutoka hapo hadi kabla ya 12.5 ni njano. Nyekundu au uvimbe, nenda zahanati siku hiyo hiyo. Mwenye hamu ya kula na asiye na ugonjwa mwingine huweza kutibiwa akiwa nyumbani kwa pakiti za chakula dawa. Asiyekula au aliyevimba sana hulazwa. Ndugu zake wakimmalizia pakiti, mwambie muuguzi bila kuficha. Wana njaa, si wezi.

Mimi ni jirani tu. Nimpelekee mama wa mtoto unga?

Mpelekee, lakini utaisha. Mtekee ndoo ya maji, mshikie mtoto asubuhi mbili kwa wiki apate kupika. Kisha kaongee na baba, maana ufunguo wa ghala anao yeye: aje Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji amwone mwanawe akipimwa. Na mayai yanayokwenda dukani kubadilishwa na sabuni, matatu kwa wiki yabaki jikoni.