Kigari cha umeme hakilali usiku

Kila ninapoitwa kwenye hoteli za pwani ya kaskazini, kuanzia Nyali hadi Shanzu, dereva huanza kunieleza habari za mchana. "Fundi, jana kilipanda vizuri tu, leo kimekufa nguvu pale kwenye mteremko wa ufuoni." Namsikiliza hadi amalize, kisha namuomba anipeleke mahali kigari kinapolala. Majibu mengi huwa ninayapata huko stoo.

Nazungumzia kile kigari cha umeme cha kazi chenye sanduku la mizigo nyuma, kinachobeba shuka za dobi, kreti za soda, mbolea ya bustani na masanduku ya wageni. Wengi hukiita kigari cha gofu hata kama hakijawahi kukanyaga uwanja wa gofu. Mchana kinatumia nguvu kidogo kidogo, na dereva yuko juu yake macho wazi. Usiku, kikishachomekwa kwenye stima, watu husema kimelala. Lakini saa hizo ndipo asidi, gesi, joto na umeme wa volti 240 hukutana katika chumba kimoja, na mlango umefungwa.

Tuanze na kilichomo chini ya kiti. Kigari cha volti 48 kinachotumia betri za risasi za kutiwa maji huwa na betri 6 za volti 8, au 8 za volti 6, zimeungwa kwa mfuatano, chanya ya hii kwa hasi ya ile. Kila betri ina vyumba vidogo, yaani seli, na kila seli iliyojaa na kupumzika hutoa takriban volti 2.12. Zidisha kwa seli zote 24, utapata kama volti 50.9. Namba hiyo ishikeni. Nimekuta watu wanapima asubuhi, mita inasoma 48 kamili, nao wanafurahi kwa sababu gari la 48 limesoma 48. Betri za namna hii zikisoma 48 baada ya kupumzika, zimeshashuka chini ya nusu. Ama chaja haikumaliza kazi, ama stima ilipotea usiku, ama kuna seli mbovu inayozivuta wenzake chini. Ukikitoa kigari kikiwa hivyo siku baada ya siku, salfeti, yaani chumvi ngumu ya risasi, inagandamana kwenye sahani za risasi na betri inakufa kabla ya wakati wake. Betri hizi hazipendi kutumiwa hadi chaji iishe kabisa. Acha angalau asilimia 20 ndani, na uchaji kila siku kigari kilipotumika, hata kama safari zilikuwa chache.

Sasa hiyo gesi. Chaja inapoisukuma seli kupita volti 2.4 hivi, umeme huanza kuyapasua maji yaliyomo kuwa haidrojeni na oksijeni. Mafundi twasema betri inachemka, na ukitega sikio utasikia inabubujika, lakini si mchemko wa moto. Haidrojeni ikifika asilimia 4 tu ya hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuilipua. Haina rangi wala harufu. Tena ni nyepesi kuliko hewa, hupanda na kujikusanya chini ya dari, kwa hiyo mlango uliowazi peke yake hausaidii sana ikiwa juu hakuna tundu. Mahali pazuri pa kuchajia ni kibanda cha mabati kilicho wazi pande mbili, chenye kivuli na upepo unaopita juu. Banda la makuti lina hewa nzuri, ila makuti yakishika moto hayazimiki kirahisi. Stoo ya zege yenye mlango wa chuma na dirisha lililozibwa kwa mbao ndiyo inayonitia hofu zaidi.

Niliwahi kuingia stoo ya namna hiyo, hoteli siitaji. Vigari vitatu vinachaji, viti vimefunikwa nailoni kuzuia vumbi, rafu za shuka zimefika darini, na kijana amekaa kwenye ndoo anavuta sigara. Nilizima swichi ya ukutani kwanza, ndipo nikatoa salamu. Yule kijana hakuwa mjinga. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba betri inatoa kitu chochote. Siku ile tuliinua viti vyote na tukatoboa matundu mawili juu ya ukuta, na shuka zikahamishwa.

Ukitaka kuchomoa chaja kabla haijamaliza, zima kwanza kwenye soketi ya ukutani, kisha ndipo uchomoe upande wa kigari. Ukivuta plagi ya kigari huku umeme unapita, cheche hutokea palepale penye gesi. Chaja yenyewe isiwekwe juu ya betri, maana mvuke wa asidi huipanda na kuila. Na usiitegemeze kwenye waya mwembamba wa kurefushia uliokunjwa kama kamba ya kisima, kwa kuwa waya uliokunjwa hukusanya joto. Nusu saa baada ya kuwasha, gusa plagi kwa mgongo wa mkono. Ikiwa ya moto usiyoweza kuivumilia, kuna mguso mbaya ndani au waya hautoshi. Fyuzi ikiungua, tia fyuzi ya ukubwa uleule. Nimetoa misumari iliyotiwa badala ya fyuzi kwenye plagi za watu zaidi ya mara moja, na kila mara mwili umenisisimka.

Jambo la maji ya betri linahitaji subira, kwa sababu hapa Mombasa maji ni habari ndefu. Visima vingi vina chumvi, mfereji unatoka siku unapotaka, na mtu akiishiwa hununua mtungi kwa mkokoteni. Hakuna hata moja kati ya hayo linalofaa kuingia kwenye betri. Chumvi na madini hubaki ndani hata maji yakiondoka, na huiharibu seli polepole. Kuna wanaokinga matone ya kiyoyozi wakisema ni maji safi ya mvuke. Yale yamepita kwenye mapezi ya alumini yaliyojaa vumbi, mie siyatumii. Nunua maji ya betri yaliyotiwa lebo kwamba yamekenekwa, yaani yamegeuzwa mvuke kisha maji tena, na soma lebo vizuri, kwa maana dukani asidi nayo huuzwa kwenye chupa inayofanana. Betri inayotumika haiongezewi asidi. Kinachopungua ni maji. Asidi imebaki mulemule.

Tena maji hutiwa baada ya kuchaji, si kabla. Betri ikichajiwa, kile kimiminika hutanuka. Ukijaza hadi shingoni jioni, usiku kinafurika, na asubuhi unakuta asidi imemwagika juu ya betri na kwenye fremu ya chuma. Kuna hali moja tu ya kutia kabla: ukifungua kifuniko ukaona sahani zimejitokeza, tia kiasi cha kuzifunika, chaji, halafu malizia hadi milimita chache chini ya shingo ya tundu. Miezi ya kaskazi, joto likipanda, angalia kila wiki. Kanuni ya wanaoshughulika na betri ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi juu ya 25 hupunguza maisha ya betri kwa takriban nusu, kwa hiyo sisi tulio huku tunaanza safari tukiwa na deni. Kivuli ni sehemu ya matengenezo.

Deni la pili ni hewa ya bahari. Ule ukoga wa kijani na mweupe kwenye vichwa vya betri huja upesi zaidi kwa kigari kinacholala mita hamsini kutoka majini. Hausumbui macho tu. Mguso ukiwa mbaya, umeme mwingi unapolazimishwa kupita hapo hutoa joto, na nimeona kichwa cha risasi kimeyeyuka na kuacha shimo. Koroga vijiko vinne vya chakula vya bekingi soda kwenye lita ya maji, hakikisha vifuniko vyote vimekazwa, kisha sugua kwa brashi. Itatoa povu. Povu likiisha, asidi ya juu imekwisha. Suuza kwa maji kidogo, kausha, kaza nati, paka vaselini. Usilete mashine ya maji ya presha karibu na kiti wala karibu na kontrola, kile kisanduku kinachodhibiti umeme unaokwenda kwenye mota, hata kama kigari kimerudi na mchanga wa ufuoni hadi kwenye usukani.

Kabla hujashika spana, toa ufunguo, weka swichi ya mwelekeo katikati, vuta breki ya mkono, na kama kigari kina swichi ya kukokotwa na kuendeshwa, iweke upande wa kukokotwa. Kisha fungua waya mkuu wa hasi kwanza, na ukirudisha, uwe wa mwisho. Subiri dakika chache kabla hujagusa kontrola, maana ndani yake mna vihifadhi vya umeme ambavyo hubaki na chaji. Vua pete, saa na bangili.

Hapo kwenye pete na spana nitakaa kidogo. Watu huniambia volti 48 haiui mtu, waya wa nyumbani ndio wa kuogopa. Ngozi kavu huizuia kiasi, kweli. Lakini huku kwetu ngozi imelowa jasho la chumvi, na hata hivyo hatari kubwa iko kwenye wingi wa ampea. Betri moja ya volti 6 iliyoungwa moja kwa moja kwa chuma inaweza kumwaga zaidi ya ampea elfu kwa sekunde chache. Nilipokuwa bado mwanafunzi wa gereji, spana namba 13 ilinitoka mkononi ikalala kati ya vichwa viwili. Nilisikia mlio kama wa baruti, macho yakaona weupe, na spana ikabaki imegandia pale, nyekundu. Ingekuwa pete, kidole kingekuwa ndani yake. Tangu siku ile spana zangu zote za betri zimezungushiwa utepe wa umeme hadi karibu na mdomo, na anayefanya kazi nami havui miwani ya kinga. Asidi ikiruka jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kope zikiwa zimeshikwa wazi, halafu hospitali. Usianze na hospitali.

Kuhusu kuendesha nitasema machache, kwa kuwa madereva wengi niliokutana nao ni waangalifu. Kigari hakina sauti. Mtoto anayechezea njia ya bwawa hakisikii, basi piga honi kwenye kona na uende mwendo wa mtu anayetembea penye wageni. Mzigo mzito uwe chini na katikati. Shuka mbichi kutoka kwa dobi ni nzito kuliko zinavyoonekana, na dereva akizirundika hadi juu, kigari kinaweza kulala ubavu kwenye kona ambayo jana alipita bila shida. Mteremko upandwe na ushukwe moja kwa moja, si kwa kukata mshazari. Ukisimama katikati ya mlima, kanyaga breki. Usikizuie kigari kwa kukanyagia mwendo kidogo, maana mota isiyozunguka huku inapokea umeme inaungua mahali pamoja. Usibadili mbele na nyuma kabla hakijasimama kabisa. Na kikiharibika, usikikokote kwa kasi nyuma ya pikapu: magurudumu yakizunguka, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye kontrola. Afadhali kipandishwe juu ya gari.

Wanaohamia betri za lithiamu hawana habari ya maji wala ya mchemko, ni raha kwa kweli. Ila chaja ya zamani ya betri za risasi wasiitumie, wanunue inayolingana na betri hizo, na betri iliyovimba au iliyoingia maji ya bahari isichajiwe tena.

Zimebaki betri za risasi zilizokwisha. Mombasa tunajua risasi inafanya nini. Owino Uhuru, upande wa Changamwe, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi sumu kwenye damu, watoto wakiwemo. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho na ambaye mwanawe mwenyewe alikutwa na risasi mwilini, aliwapigania hadi akapewa Tuzo ya Goldman ya Mazingira mwaka 2015, na mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya hapa Mombasa iliamua walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi ambao uliendelea kubishaniwa katika mahakama za rufaa. Kwa hiyo betri kuukuu haivunjwi nyuma ya nyumba, asidi yake haimwagwi mtaroni, na haiuzwi kwa mpita njia mwenye mizani. Isimamishe wima kwenye beseni la plastiki, vifuniko vimekazwa, irudi kwa muuzaji anayepokea kuukuu unaponunua mpya, naye awe na leseni ya kuishughulikia.

Mwezi uliopita mzee mmoja wa bustani aliniomba makasha matupu ya betri apandie maua ya wageni. Nilimwambia, "Mzee wangu, haya siwezi kukupa," nikayapakia garini yote sita. Jumamosi nikampelekea ndoo za rangi zilizooshwa.