Chanjo ya mafua kila Oktoba: tunayoambiana na ukweli wenyewe

Ikifika mwisho wa Septemba, kwa sisi tulioko Marekani tunaofanya kazi kwenye nyumba za wazee, tangazo linabandikwa pale mlango wa wafanyakazi: chanjo ya mafua, tarehe fulani, chumba fulani, bure. Basi kuanzia siku hiyo grupu za WhatsApp za Watanzania na Wakenya zinawaka moto, voisi ndefu, video za madaktari wasiojulikana wa wapi, huyu anasema usithubutu, yule anasema mimi nilichanja nikaona cha moto. Mimi kazi hizi za kulea wazee nimezifanya muda mrefu na naandika haya kwa wabeba boksi wenzangu, yani sisi wa kazi za mikono huku ughaibuni, kwa sababu watu wanaamua jambo la afya zao na za watoto wao kwa maneno ambayo mengi sio kweli.

Tuanze na lile ninalolisikia kuliko yote, kwamba chanjo ndo inakupa flu. "Fulani alichanja Ijumaa, Jumapili hoi kitandani." Jamani, chanjo ya sindano haina kirusi kilicho hai. Nyingi zina virusi vilivyouawa kabisa, na iko moja, Flublok, ambayo hata hicho kirusi kilichouawa haina, ni protini tu iliyotengenezwa maabara ili mwili uifahamu sura ya adui. Kilichokufa hakizaliani, hakiwezi kukuambukiza. Sasa huyo wa Jumapili kapatwa na nini? Inaweza kuwa mwili wake unajenga kinga tu, mkono unauma, unasikia uchovu na kijihoma cha siku moja au mbili alafu kinakwisha, hiyo ni kawaida. Na hata hiyo homa mara nyingi sio ya chanjo: walishafanya majaribio ambapo wengine walidungwa chanjo na wengine maji ya chumvi bila kuambiwa nani kapewa nini, na tofauti iliyoonekana ilikuwa mkono kuuma na kuwa mwekundu pale sindano ilipoingia, kwa homa na kikohozi na mafua watu walikuwa sawasawa. Au inaweza kuwa alishaambukizwa kabla, maana kinga inachukua kama wiki 2 kukamilika, na hapo katikati uko wazi kama hujachanjwa. Au kapata kirusi kingine kabisa, maana Oktoba watoto wamesharudi shule na kila aina ya mafua inazunguka, na chanjo hii inahusika na influenza, yani ile flu yenyewe kali, peke yake. Ile ya kupuliziwa puani ndo ina virusi hai lakini vimedhoofishwa visiweze kustawi kwenye joto la mapafu, na hiyo wanapewa watu wazima na watoto wenye afya wa miaka 2 mpaka 49, sio kila mtu.

La pili linafuatana na hilo: "nilichanja na bado nikaumwa Januari, kwa hiyo haina kazi." Hapa naomba nieleweke vizuri kwa sababu hata wanaoitetea chanjo wanaharibu, wanaahidi kitu ambacho chanjo yenyewe haijaahidi. Mwaka ambao chanjo imefanana vizuri na virusi vinavyozunguka, inapunguza uwezekano wa kuugua kiasi cha kwenda kwa daktari kwa asilimia 40 mpaka 60. Ina maana wako watakaochanja na kuugua. Na kuna miaka mibaya, msimu wa 2014–15 huku Marekani aina moja ya influenza inayoitwa H3N2 ilibadilika baada ya chanjo kuwa imeshapangwa na ufanisi ukashuka mpaka asilimia 19. Huo ni ukweli na hauna haja ya kufichwa. Lakini ukijiuliza "je nitaumwa au sitaumwa" peke yake umejiuliza nusu ya swali. Swali lingine ni ukiumwa utaumwaje, utalala nyumbani siku tano na supu yako au utalazwa na oksijeni. Kwenye hilo la pili ndo chanjo inalipa zaidi, waliochanjwa wakiugua mara nyingi ugonjwa unakuwa mwepesi na wachache wao wanafika ICU, chumba cha wagonjwa mahututi.

"Ni mafua tu." Mafua ya kawaida yanakuja taratibu, pua inachuruzika, unapiga chafya, unaendelea na kazi. Influenza inakuja ghafla, asubuhi uko mzima jioni unatetemeka, homa juu, misuli na kichwa vinauma, kutembea mpaka chooni ni kazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 wanakufa kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nayo. Na haiishii kwenye mapafu. Kuna utafiti wa Ontario, Kanada, uliotoka 2018, ulionyesha kwamba katika zile siku 7 za mwanzo baada ya mtu kuthibitishwa ana influenza, hatari ya kupata shambulio la moyo ilikuwa mara sita ya kawaida yake. Sita! Sasa angalia familia zetu, nani hana baba mwenye presha au mama mwenye sukari, nani hana mtoto wa pumu au ndugu mwenye selimundu. Hao wote wako kwenye kundi la hatari, hawa ndo wa kwanza kupelekwa kuchanjwa.

Alafu kuna lile la "sisi Waafrika tuna kinga kali, mafua ni ugonjwa wa wazungu na baridi yao." Hili linaniumiza sana. Mwaka 2002 influenza ya H3N2 iliingia nyanda za juu za Madagascar, hapo hapo jirani yetu, na katika miezi michache ziliripotiwa kesi zaidi ya 27,000 na vifo zaidi ya 700, wengi watu wa vijijini walio mbali na hospitali. Nyumbani influenza ipo mwaka mzima, tofauti ni kwamba mtu akiwa na homa anaambiwa malaria au nimonia na kipimo cha influenza hakifanyiki. Na hata huku Marekani, CDC, ile taasisi ya serikali ya kudhibiti magonjwa, ilipochambua takwimu za 2009 mpaka 2022 ikakuta watu wazima weusi wanalazwa kwa influenza karibu asilimia 80 zaidi ya wazungu. Sio damu yetu, ni kazi tunazofanya, nyumba tunazoishi wengi pamoja, sukari na presha zisizotibiwa, na kuchelewa kwenda kwa daktari kwa kuogopa bili.

"Mimi kijana, sijawahi kuumwa flu, chanjo ni ya wazee." Ndugu yangu, na kazi yako ni nini? Ukiambukizwa unaanza kuwaambukiza wengine kama siku moja kabla hujasikia dalili yoyote, na wako wanaopata maambukizi bila kuumwa kabisa. Yani unaenda shifti yako mzima, unamgeuza mzee, unamlisha, uso wako na wake viko karibu. Wasiowahi kuiona influenza ikiingia kwenye nyumba ya wazee nawaambia inavyokuwa. Mara nyingi haianzi na homa. Unaingia asubuhi unamkuta bibi ambaye jana alikuwa anakuita kwa jina leo anakushangaa, mayai kwenye sahani hayajaguswa, ukimpima joto liko kawaida, unafikiri labda ni mkojo una maambukizi. Jioni na wa chumba cha pili naye hivo hivo. Nesi anachukua vipimo vya puani, vinatoka positivu, na hapo mambo yanabadilika: milango inafungwa, nje ya kila mlango kinawekwa kikabati cha gauni za njano na glovu na barakoa, chakula kinaletwa chumbani kwenye trei, hakuna kukaa pamoja ukumbini, familia zinapigiwa simu, na wazee wote wa pale wanaanzishiwa Tamiflu, dawa ya influenza, kama kinga hata wasioumwa, kwa wiki 2 au zaidi. Wazee wengine wakishaanguka hivo hawarudi walivyokuwa, aliyekuwa anatembea na kigari chake sasa ni wa kunyanyuliwa. Na mwili wa mzee hata ukichanjwa kinga yake haipandi kama ya kijana, ndo maana wa miaka 65 na kuendelea wana chanjo zao zenye nguvu zaidi, mojawapo ina dozi mara nne ya ile ya kawaida. Kwa hiyo mzee wa watu anategemea pia wewe unayemshika usimletee. Mimi kwa hili sina kigugumizi, kama kazi yako ni kugusa watu dhaifu, chanja.

Wanaouliza mbona kila mwaka, biashara hii? Virusi vya influenza vinabadilika sura haraka na kinga yenyewe inapungua ndani ya miezi, basi. Wataalamu chini ya WHO wanakutana Februari kupanga chanjo ya huku kaskazini na Septemba kwa ya kusini, wakitumia sampuli zinazokusanywa dunia nzima, zikiwemo za kwetu, Uganda kwa mfano kituo kiko kwenye taasisi ya utafiti wa virusi, UVRI, pale Entebbe. Wanapanga mapema kwa sababu kutengeneza kunachukua kama miezi sita, na hapo ndo mwanya wa kukosea kama ule wa 2014 unapopatikana. Wala sio kwamba wanarundika tu, tangu Machi 2020 aina moja ya kundi B inayoitwa Yamagata haijathibitishwa kuonekana tena, na kuanzia msimu wa 2024–25 chanjo zote za Marekani zikaiondoa, zimebaki aina tatu.

Kwa Waislamu wenzangu, suala la nguruwe kwenye chanjo ni la kweli na lisipuuzwe, ila liwekwe mahali pake. Gelatini ya nguruwe iko kwenye ile ya puani, FluMist, ambayo Uingereza inaitwa Fluenz na ndo wanayopewa watoto mashuleni. Wako wanazuoni walioiruhusu na wako wazazi ambao nafsi haiko radhi, na hao hawana haja ya kumwacha mtoto bila kinga, Uingereza ukisema huitaki kwa sababu ya gelatini mtoto anapewa sindano isiyo na gelatini. Andika hivo kwenye ile fomu ya shule, usiirudishe ikiwa na hapana tu. Na anayekwenda Hija, chanjo ya homa ya uti wa mgongo ndo ya lazima kwa Saudia lakini ya influenza nayo wanaisisitiza, na ukifikiria ule msongamano wa Mina huhitaji kuelezwa kwa nini.

Kina mama wajawazito wanaambiwa waikimbie, ushauri wa kitaalamu ni kinyume kabisa. Mimba yenyewe inafanya influenza iwe kali zaidi, chanjo ya sindano inatolewa mwezi wowote wa mimba, na mtoto mchanga chini ya miezi 6 hawezi kuchanjwa kwa hiyo kinga yake kubwa ni ile aliyopewa na mama yake tumboni. Habari ya kwamba inafunga kizazi haina msingi wowote.

Mayai, maana chanjo nyingi zinatengenezewa humo: tangu msimu wa 2023–24 Marekani wameondoa masharti ya ziada kwa wenye aleji ya mayai, unachanjwa kama wengine. Zebaki: ilikuwa kwenye vichupa vya dozi nyingi tu, kwa kiasi kidogo sana na ya aina ambayo mwili unaitoa haraka, na za dozi moja hazina. Malimao, tangawizi, kitunguu saumu, kujifukiza, vyote vinatuliza na sina ugomvi navyo, bibi zetu walitulea navyo, ila havizuii influenza. Na amoksilini uliyobeba kutoka nyumbani ni dawa ya bakteria, haiui kirusi chochote. Dawa ya influenza ipo, ndo hiyo Tamiflu, na inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo, kwa hiyo mwenye sukari au mjamzito akishikwa ghafla asisubiri Jumatatu.

Wako wanaotakiwa kusita kweli. Aliyewahi kupata aleji kali ya chanjo ya mafua, uso kuvimba na pumzi kubana, azungumze na daktari kwanza. Vile vile aliyewahi kupata Guillain-Barré ndani ya wiki 6 baada ya kuchanjwa, ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inashambulia mishipa ya fahamu na miguu inaishiwa nguvu. Huu ndo msingi wa zile video za kutisha: mwaka 1976 chanjo ya mafua ya nguruwe Marekani iliongeza kesi kama 1 kwa kila watu 100,000. Kwa chanjo za siku hizi, ikionekana, ni 1 au 2 kwa dozi milioni moja, na influenza yenyewe nayo inaweza kuuleta ugonjwa huo huo. Ukiwa na homa kali siku hiyo subiri upone, ukiwa na vimafua vidogo chanja.

Pesa isikuzuie. Bima nyingi zinalipa yote, wazee wenye Medicare, ile bima ya serikali, hawalipi, watoto wasio na bima wana mpango wa serikali wa Vaccines for Children, na mtu mzima asiye na bima apige simu ofisi ya afya ya kaunti yake aulize siku za bure. Kwa watoto angalia hili maana wengi wanalikosa: wa miezi 6 mpaka miaka 8 anayechanjwa mafua kwa mara ya kwanza anahitaji dozi mbili, ya pili wiki 4 baadaye, ukimpeleka mara moja ukamaliza hapo kinga haijakamilika. Msimu wa 2024–25 Marekani iliripoti watoto wasiopungua 280 waliokufa kwa influenza, na wengi mno kati ya waliokuwa na umri wa kuchanjwa hawakuwa wamekamilisha chanjo. Kwa hiyo kama mna safari ya kwenda nyumbani Desemba kuwaona babu na bibi, dozi ya kwanza ya mtoto iwe mwanzoni mwa Oktoba, ya pili mwanzoni mwa Novemba, na wiki 2 baada ya hapo mnapanda ndege kinga ikiwa tayari.