Ubunifu haukai upande wa kulia wa ubongo

Ujumbe huu haukauki kwenye magrupu: kivuli cha mwanamke anayecheza huku akizunguka. Ukimwona akifuata mwendo wa saa, eti unatumia ubongo wa kulia, wewe ni mbunifu. Akienda kinyume, wewe ni wa hesabu tu. Si kweli.

Picha hiyo, ya mwaka 2003, ni nyeusi tii. Haionyeshi uso wala kisogo, kwa hiyo ubongo unajichagulia mwelekeo wa mzunguko. Jaribu mwenyewe: funika mwili kwa kiganja, tazama nyayo tu kwa muda. Wengi humwona akigeuza mwelekeo ghafla, na kipaji chao kiko palepale.

Mkanganyiko una chanzo. Miaka ya 1960 walichunguzwa wagonjwa wa kifafa waliokatwa nyuzi za fahamu zinazounganisha nusu mbili za ubongo. Ikaonekana kila nusu ina kazi inazozimudu zaidi. Lugha, kwa watu wengi, hutegemea zaidi kushoto. Lakini mtunga shairi anaihitaji lugha hiyohiyo, na picha za ubongo huonyesha pande zote mbili zikishirikiana.

Kinachoniuma ni mtoto kuambiwa hana ubunifu kwa sababu ya kivuli. Tafadhali usiisambaze picha hiyo; aliyekutumia, mwonyeshe jaribio la nyayo.